Nyumba Iliyoandikwa Stoo

Miezi saba baada ya kuhamia Longisa, Janeffer bado alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma chai isiyokuwepo. Miguu ilishuka kitandani yenyewe, mkono ukapapasa nyuma ya mlango kutafuta aproni ya plastiki, na hapo ndipo alipokumbuka. Nje kulikuwa na mahindi ya jirani, ua wa waya, tangi jeusi la maji na barabara ya vumbi inayoelekea sokoni. Basi aliketi ukingoni mwa kitanda, shuka begani, akangoja kukuche kama mgeni anayeogopa kuwaamsha wenye nyumba.

Wenye nyumba hawakuwepo. Nyumba ilikuwa yake peke yake. Ilijengwa kwa mawe, ikaezekwa kwa mabati ya rangi ya damu ya mzee, ikawekwa madirisha makubwa ya vioo, na nyuma kukawa na jikoni la kujitegemea lenye bomba la moshi. Kila aliyefika alimpongeza. Kule Kapsenetwet alikotoka, bondeni chini ya Mogogosiek, alikuwa na nyumba ya udongo ya vyumba vitatu aliyojengewa na marehemu mumewe, Johana arap Chepyegon, mwaka waliooana. Ilikuwa inavuja upande wa mashariki. Hakuwahi kuamka ndani yake akajiuliza yuko wapi.

Mradi wa bwawa ndio uliowaondoa. Walikuja kwanza watu wa kupima, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Wakaja watu wa kuhesabu, wakaandika kila nyumba, kila mti, kila shina la chai. Kisha baada ya mwaka na nusu fidia ikatoka na watu wakaambiwa wahame. Wengi walitamani kuhama pamoja, wanunue mahali pamoja juu kidogo ya bonde, kanisa lao liende nao. Lakini bei ya ardhi pande zote za Mogogosiek ilipanda siku ile ile wauzaji waliposikia kwamba kuna watu wanaolipwa, na kila mmoja akalazimika kwenda alikopata. Aron, jirani wa juu, alivuka na wanawe hadi Trans Mara. Rebeccah, aliyekuwa akisimama kando yake kwenye kwaya, alipata kipande Sosiot. Janeffer alitafutiwa ploti Longisa na mwanawe Weldon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kericho mjini. Weldon alisema ni pazuri kwa sababu hospitali kubwa iko karibu, na mama ana presha.

Hospitali ilikuwa karibu kweli. Watu wa Longisa nao hawakuwa wabaya. Walimsalimu, wakamuuliza habari, wakaendelea na safari zao. Kanisani alipewa nafasi mstari wa tatu, lakini mwezi wa saba ukapita akiwa bado anaitwa "yule mama wa bwawa." Jioni alikuwa anapiga simu kwa Rebeccah, wakaongea mpaka salio likaisha, na wakati mwingine baada ya simu kukatika aliendelea kuishika sikioni.

Kepher alifika siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

Janeffer alikuwa anaanika nguo aliposikia mtu anabisha hodi langoni kwa sauti asiyoisikia siku nyingi. Aligeuka akamwona mzee mrefu mwembamba, amevaa koti la buluu la kiwandani lililopauka mabegani, mfuko wa karatasi kifuani.

"Chamgei, Bot Weldon," alimsalimu kwa Kipsigis, yaani Mama Weldon, kama alivyomsalimu kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita.

"Baba Aluoch! Ni wewe kweli?" Nguo ilimponyoka mkononi ikaanguka kwenye vumbi. "Ingia, ingia. Umenipataje?"

"Nimeuliza tu kwa Rebeccah, halafu nikauliza sokoni. Jana nililala kwa mtu hapo Bomet. Huku kwenu ni mbali."

Kepher Ooko alikuwa mtu wa Nyakach, ng'ambo ya Sondu. Alikuja nchi ya chai akiwa kijana kufanya kazi kiwandani, kwenye mitambo ya kukaushia majani, na alikaa nyumba za wafanyakazi mpaka mkono wake wa kushoto ulipoumizwa na mashine, akapunguzwa kazi. Wakati huo Johana alikuwa anahangaika na chai. Kila mche aliopanda ulikauka. Kepher alimfundisha kukata vipandikizi, kuviweka kwenye vifuko vya udongo chini ya kivuli, na kuvinywesha asubuhi na jioni kwa miezi tisa. Shamba lote la Johana lilitokana na miche ile. Johana alimwonyesha Kepher kona ya chini, karibu na mto, akamwambia ajenge, alete mke, aweke kitalu chake hapo. Hawakuandikiana chochote. Janeffer alipika chai, wakanywa, mambo yakawa yameisha. Kepher alimleta Dorcus, mkewe, wakamlea binti yao Aluoch pale pale. Sasa Aluoch alikuwa ameolewa Mombasa, Dorcus alikuwa amekufa, na Johana pia.

Janeffer alimtengea kiti, akamtilia chai. Alijua Kepher hawezi kusema jambo zito kabla kikombe hakijaisha, kwa hiyo walizungumza habari za mvua, habari za Aluoch, habari za presha. Kepher alitazama madirisha, akatazama dari.

"Umepata nyumba nzuri," alisema.

"Ni nzuri. Ina mwangwi."

Alicheka kidogo, akaweka kikombe chini. "Mama Weldon, mimi bado niko kule."

"Kule wapi?"

"Kapsenetwet. Nyumbani."

Janeffer alidhani amesikia vibaya. Alijua watu wote walikwisha kuhama. Yeye mwenyewe aliondoka na lori la mwisho, na wakati ule Kepher alimwambia anasubiri tu karatasi zake, atafuata.

"Karatasi hazikuja," Kepher alisema. "Kila nikienda ofisini kwao naambiwa nisubiri. Mwezi uliopita wakanitumia barua, wakasema niondoe vitu vyangu kwa stoo ya watu kabla mwezi haujaisha. Nikaenda. Kuna msichana hapo anaitwa Monicah, ndiye anashughulikia malalamiko, msichana mwenye heshima. Akafungua kitabu chao akanionyesha. Nyumba yangu iko. Imeandikwa, imepimwa, hata picha iko. Lakini imeandikwa ni stoo. Stoo ya Weldon Chepyegon. Na kitalu changu kimeandikwa kitalu cha Weldon Chepyegon." Aliongea bila hasira, macho kwenye meza. "Kwa hesabu yao mimi sijawahi kuishi hapo."

Nje kuku waliparuza. Janeffer alishika ukingo wa meza.

"Monicah anasema kamati inaweza kusikiza kesi yangu," Kepher aliendelea, "lakini nilete shahidi. Mtu aliyekuwa hapo kabla ya siku ya kuhesabu. Nimempigia Aron. Aron anasema hawezi kuingilia mambo ya boma la mwenzake. Wengine nao hawashiki simu. Wote wamelipwa, hawataki shida. Ndiyo nimekuja kwako. Najua ni mtoto wako. Ukikataa nitaelewa, na chai yako nimeshakunywa, hakuna ubaya."

Hakujua. Hilo ndilo lililomuumiza Janeffer zaidi: Kepher alikuwa amekaa mbele yake, mkono mbovu juu ya goti, akidhani kwamba anamletea habari.

Siku ya kuhesabu Kepher alikuwa Nyakach kumzika kaka yake, na nyumba yake ilikuwa na kufuli. Watu wa kuhesabu walikuwa wamesimama uani, na Janeffer alikuwa anawaletea birika la chai. Mmoja akauliza, "Na ile nyumba ya chini ni ya nani?" Weldon akajibu haraka, bila hata kugeuka, "Hiyo ni stoo yetu." Janeffer alisikia. Alimimina chai, akauliza nani anataka sukari. Miezi baadaye Weldon alimletea fomu ya familia, akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia.

"Unarudi lini?" aliuliza.

"Leo. Miche haijanyweshwa tangu jana."

"Kamati inakaa lini?"

"Jumanne."

"Nitakuja," Janeffer alisema.

Alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliokota nguo iliyoanguka, akaifua tena, akaianika tena, halafu akakaa kizingitini na simu mkononi mpaka jua lilipoanza kushuka. Hapo akampigia mwanawe.

"Mama, uko sawa? Presha?" Nyuma ya sauti ya Weldon kulikuwa na kelele za watu wakipakia mabati.

"Niko sawa. Baba Aluoch alikuwa hapa."

Kelele ziliendelea. Kisha Weldon akasikika akitoka nje, mlango ukifungwa.

"Alitaka nini?"

"Unajua anataka nini."

"Mama, sikiza. Hiyo nyumba iko kwa shamba letu. Hatimiliki ni ya Baba. Kepher hana hata karatasi moja. Alikaa hapo miaka yote bure, kuna mtu alimfukuza? Hakuna. Sasa bwawa limekuja, kila mtu anaenda kwake. Yeye ana kwao Nyakach."

"Kwao kuna nyumba?"

"Hiyo ni shida ya watu wa kwao."

"Ardhi ya babake imegawanywa na watoto wa kaka yake. Unajua. Ulikuwa unamsikia akisema tangu ukiwa mtoto."

"Mama." Weldon alishusha sauti, akaanza kuongea polepole kama anavyoongea na mteja mkaidi. "Ile pesa ya stoo haikuingia mfuko wangu. Ulisema unataka jikoni ya nje, moshi usikuumize macho. Unafikiri ilijengwa na nini?"

Janeffer aligeuka akalitazama jikoni. Ukuta wake ulikuwa umepigwa chokaa, mlango umefungwa vizuri kwa komeo. Alikuwa amepika ndani yake asubuhi hiyo chai aliyomnywesha Kepher.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Weldon hakungoja jibu. Alimwambia ameze dawa, alale mapema, asiende popote, yeye atampigia Kepher waongee kama wanaume. Simu ikakatika. Jioni hiyo Janeffer alipanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, akakoka moto nje, akapika ugali kwenye upepo. Jirani wa ng'ambo ya ua, mama mmoja aitwaye Cheptoo, alisimama akamtazama kwa mshangao, akaonekana kama anataka kuuliza, kisha akaingia kwake.

Jumanne aliondoka Longisa kukiwa bado na umande. Kepher alikuwa anamngoja juu ya bonde, pale njia ya kushuka Kapsenetwet ilipoanzia. Kamati ingekaa saa nne na ilikuwa bado saa mbili, kwa hiyo walishuka.

Alikuwa amejiandaa kuona uharibifu. Alichokikuta ni uwazi. Chai yote ilikuwa imeng'olewa, mashina yamesukumwa kando kwa tingatinga yakalala mizizi juu, na mahali palipokuwa na vichochoro vya majani, ambamo mtu angeweza kuitana na mwenzake asimwone, sasa macho yalikwenda moja kwa moja hadi mto. Kanisa lilikuwa limebaki sakafu. Nyumba yake ilikuwa imebaki sakafu, na alishangaa jinsi ilivyokuwa ndogo. Alipiga hatua nane akawa ameimaliza. Alitafuta mahali pa kitanda. Alitafuta mahali ambapo Johana aliweka kiti chake cha kamba. Hakuwa na hakika.

"Umeme walikata mwezi wa tatu," Kepher alisema. "Si neno. Lakini kuna siku nilianguka hapo mtoni, nikakaa chini pengine saa nzima. Nilipiga kelele. Halafu nikakumbuka hakuna mtu wa kusikia, nikanyamaza, nikaamka mwenyewe."

Nyumba yake ilisimama peke yake kando ya maji, mlango wa kijani, pazia la Dorcus dirishani. Mbele yake kulikuwa na miche mia kadhaa ya parachichi na chai, imepangwa mstari kwa mstari chini ya kivuli cha nyasi, udongo wa kila mfuko ukiwa na unyevu. Yeyote aliyeita mahali hapa stoo ilibidi awe hakuangalia. Au alikuwa ameangalia.

"Baba Aluoch," Janeffer alisema, "kabla hatujapanda huko juu, kuna kitu unapaswa kujua."

Akamweleza. Alimweleza habari za birika, swali la yule mtu wa kuhesabu, jibu la Weldon, na fomu. Hakupunguza kitu. Hata jikoni alilitaja. Kepher alimsikiliza akiwa ameinama, akichomoa kwekwe kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na alipomaliza mstari mzima akasimama wima.

"Wewe pia," alisema.

"Mimi pia."

Kepher aligeuka, akautazama mto. Janeffer alifikiri atamwambia aende zake, na angekwenda.

"Saa zinaenda," Kepher alisema mwishowe. "Tupande."

Ofisi ya mradi ilikuwa kontena lililokatwa madirisha, na mbele yake hema na viti vya plastiki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Arasa, Mkisii aliyestaafu baada ya kufundisha nusu ya watu wa Konoin, eneo lile, kusoma. Monicah aliketi kando yake na kompyuta mapajani. Kulikuwa pia na chifu na wazee wawili. Na kwenye mstari wa mbele, amevaa suti yake ya kwenda benki, alikaa Weldon. Alisimama mama yake alipoingia, akampa kiti, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Nilikuambia nini?" Janeffer alikaa kiti kingine.

Kepher alieleza upande wake kwa maneno machache. Weldon akaeleza wake. Akaonyesha hatimiliki ya baba yake, akaonyesha fomu yenye sahihi za familia, akasema kwamba Mzee Kepher ni mtu mzuri, hakuna anayekataa, lakini alikuwa mlinzi tu wa stoo na sasa anataka kugeuza wema wa marehemu kuwa haki. Alisema vizuri. Alikuwa amesoma, na Mwalimu Arasa mwenyewe alikuwa mmoja wa walimu wake.

"Kuna shahidi?" Mwalimu aliuliza.

Janeffer alisimama. Akashikilia mgongo wa kiti.

"Jina, Mama?"

"Janeffer. Bibi ya Johana arap Chepyegon."

Weldon aliinuka. "Mwenyekiti, naomba. Mama yangu anaugua presha, na tangu ahame akili yake haijatulia. Mambo ya shamba yalikuwa ya Baba na mimi."

"Akili yangu iko," Janeffer alisema. Alimtazama mwalimu, maana angemtazama mwanawe angekaa chini. "Mzee Kepher hakuwa mlinzi. Hatukuwa na stoo. Mahindi yetu tulikuwa tunaweka kwa dari. Ile nyumba alijenga yeye mwenyewe, na Johana akamsaidia kubeba nguzo. Amelala hapo na bibi yake miaka ishirini na sita. Mimi nilishika Aluoch siku alizaliwa, ndani ya hiyo nyumba. Hata hiyo chai yetu ambayo mmelipa, miche yake ilitoka kwake."

Monicah aliandika, kisha akainua kichwa. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na minane, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililofanya swali kuwa gumu zaidi.

"Mama, mimi sikuwa nimeajiriwa wakati wa kuhesabu. Hapa imeandikwa kwamba mwenye boma alituambia ile nyumba ni stoo. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Hukusema kitu?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Njia nzima kutoka Longisa alikuwa anatunga jibu. Kwamba yalikuwa maneno ya wanaume. Kwamba hakujua stoo inaandikwaje. Kwamba alidhani Kepher ataulizwa akirudi. Yote yalikuwa na ukweli kidogo.

"Nilifikiria nyumba mpya," alisema. "Walikuwa wametuambia kila kitu kilichoandikwa kitalipwa. Nikafikiria, kikiandikwa kwetu, kitakuwa chetu."

Chifu alijikuna shingo. Weldon alikusanya karatasi zake moja moja, akazipanga sawasawa, akaziingiza kwenye bahasha. Alipompita mama yake alisimama, na Janeffer akaona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kama alipokuwa mtoto akikatazwa kitu.

"Sasa mwambie yeye ndiye atakuwa anakuletea dawa," alisema, akaenda.

Kamati ilichukua wiki sita. Walituma watu wakapima nyumba upya, wakahesabu miche, wakamtafuta Aron kwa simu mpaka naye akakiri kwamba ndiyo, Kepher alikuwa akiishi pale. Barua ilipotoka ilisema kwamba Kepher Ooko hana haki ya ardhi, lakini nyumba, miti na kitalu ni mali yake, naye atalipwa na kusaidiwa kuhama kama wengine; na kwamba kilicholipwa kimakosa kitakatwa kwenye sehemu ya mwisho ya fidia ya familia ya Chepyegon. Monicah alimsomea Janeffer barua yote kwa simu, polepole, akamwuliza kama ameelewa. Alielewa.

Alimpigia Kepher simu, akamwambia aje Longisa. Ploti ilikuwa na nafasi, upande wa nyuma pangeweza kutoshea nyumba ya vyumba viwili.

"Longisa hakuna mto karibu, Mama. Miche itakufa."

"Tangi liko."

"Asante. Lakini nimekaa kwa ardhi ya familia yako mara moja. Wacha sasa nijaribu kukaa kwa ya kukodisha."

Janeffer aliona ukweli wake, akamtakia heri. Kepher alikwenda Sosiot, kwenye kijito nyuma ya soko, si mbali na kwa Rebeccah. Siku ambayo tingatinga liliangusha nyumba ya mlango wa kijani Kepher alikuwa amesimama kando na pazia la Dorcus limekunjwa kwapani. Hilo Janeffer aliambiwa na Monicah, maana Kepher mwenyewe hakulisema. Kepher alimpigia mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi. Waliongea habari za mvua. Hakumlaumu hata siku moja, wala hakumwita tena Bot Weldon. Alimwita Mama Janeffer, jina la adabu ambalo mtu yeyote wa Longisa angelitumia.

Weldon hakupiga. Dawa zilikuja na mtu wa boda boda kila mwisho wa mwezi, zimefungwa kwenye mfuko wa duka lake, bila barua. Kila Jumapili baada ya kanisa Janeffer alimpigia, na kila Jumapili simu ilikuwa inaita mpaka inakoma. Joan, mke wa Weldon, alimwandikia ujumbe mara mbili kwa siri kumwambia kwamba watoto ni wazima na kwamba avumilie.

Alivumilia. Alijiunga na akina mama wa kanisa waliopukuchua mahindi kwa zamu. Alijifunza majina ya watu wa mstari wake, na mmoja wao, Cheptoo yule wa ng'ambo ya ua, alianza kumletea maziwa. Siku moja Cheptoo alimwuliza kwa nini anapika nje na ana jikoni zuri hivyo. Janeffer alifungua mdomo kueleza, akaona hadithi ni ndefu mno kwa mtu ambaye hakuijua Kapsenetwet, hakumjua Johana, wala hakuwahi kuuona mlango wa kijani. Alisema amezoea moto wa nje.

Disemba, siku mbili baada ya Krismasi, gari lilisimama langoni. Watoto wawili wa Weldon waliruka chini wakiwa na viatu vipya, wakamkimbilia. Aliwakumbatia wote pamoja, akanusa vichwa vyao. Joan hakuwemo. Weldon alibaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini ikinguruma.

Janeffer aliwaacha watoto sebuleni, akamimina chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, akatembea nacho hadi langoni bila kumwaga. Alisimama kando ya mlango wa gari. Baada ya muda kioo kilishuka.

"Karibu ndani," alisema.

"Nina haraka, Mama."

Alimpa kikombe. Weldon alikipokea, akanywa akitazama mbele, barabarani, ambako hakukuwa na mtu. Alikuwa amenenepa shingo. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka kama baba yake kwenye umri ule. Janeffer alitaka kumwambia hivyo, na alitaka kumwambia mengine, lakini Weldon alikuwa tayari anamrudishia kikombe kikiwa nusu.

"Saa kumi nitakuja kuwachukua," alisema.

"Nitapika. Mtakula kabla ya kwenda?"

"Tutaona."

Alipika. Alichinja kuku, akasonga ugali, akachemsha mboga za managu kwa maziwa, akawatuma watoto wamwite Cheptoo aje aone wajukuu, naye akaja, akawasalimu, akarudi kwake. Saa kumi ilipofika aliyekuja ni mtu wa boda boda. Alisema ameagizwa na Weldon awapeleke watoto stendi ya Bomet, baba yao anawangoja huko. Janeffer alifunga chakula kwenye mkebe, sehemu ya watoto na sehemu kubwa zaidi kando, akakifunga na kitambaa, akamwambia mkubwa asikiinamishe njiani. Akawafunga vifungo vya sweta. Kisha akasimama langoni, mkono ukiwa juu ya waya, mpaka mlio wa pikipiki ulipochanganyika na mingine ya barabara ya Longisa asiweze tena kuutenga.

"Wameenda?" Cheptoo aliuliza kutoka upande wake wa ua.

"Wameenda."

"Watarudi lini?"

"Sijui," Janeffer alisema. "Njoo tule. Kimebaki kingi."